Kilombero: Hadhi Ipo, Maji Je?

Masika yakikolea, Mto Kilombero huacha kuwa mto. Kati ya Machi na Mei, maji yanayoshuka kutoka safu ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili hukutana bondeni, yakavuka kingo na kutanda mbugani hadi jicho lisione ng'ambo. Bonde lenyewe lina urefu wa kilomita zipatazo 260, na penye upana mkubwa hufikia kilomita 52. Maji hukaa, hutulia, huacha tope lenye rutuba. Kambale na perege huingia kwenye nyasi zilizozama kwenda kuzaliana. Maji yakianza kurudi mtoni, majani mabichi huchipua mbugani wakati nchi nyingine inayozunguka bonde imeanza kukauka. Mpunga wa Ifakara na Malinyi, samaki wanaobanikwa kambini na kusafirishwa hadi Morogoro, wanyama wanaofuata malisho ya kiangazi: vyote hutegemea maji hayo yaje kwa wakati wake na yaondoke kwa wakati wake.

Nimeanza na mafuriko kwa sababu ndiyo tunayopaswa kuyalinda. Bonde hili limepewa hadhi rasmi zaidi ya moja, na ninaunga mkono kila moja iliyolenga kulihifadhi. Lakini hadhi zote hizo zimechora mipaka kuzunguka ardhi, na uhai wa Kilombero unaingia kutoka nje ya mipaka hiyo.

Tuangalie kwanza kinachotetewa. Kwenye matete ya kando ya mto anaishi ndege wa jamii ya mnana ambaye hapatikani penginepo duniani. Dume ana mwili wa manjano na uso mweusi. Viota vyao hufumwa kwa majani na kuning'inizwa kwenye matete yaliyosimama majini, vingi kwa pamoja, na upepo ukivuma kundi zima la viota huyumba kwa mpigo mmoja. Matete hayo yakifyekwa ili kupanua shamba, au yakichomwa kiangazi, kundi zima hukosa pa kutaga. Wanasayansi walimwandika ndege huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Ndege wengine wawili wadogo wa bonde hilohilo, wa nyasi ndefu na matete, walipewa majina rasmi ya kisayansi mwaka 2021. Trekta zimelima Kilombero kwa miongo mingi kabla viumbe wake hawajamaliza kuandikwa vitabuni, na sidhani kuna anayeweza kusema kwa uhakika ni wangapi wametoweka bila kuandikwa.

Halafu yupo sheshe, swala wa rangi ya dhahabu anayependa kukaa pale majimaji yanapokutana na nyasi fupi. Bonde lilipoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, Aprili 2002, lilihesabiwa kuwa na karibu robo tatu ya sheshe wote duniani. Dunia nzima ilikuwa imeuweka mzigo huo mikononi mwa wilaya chache za Mkoa wa Morogoro.

Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Iran wenye jina hilo, unahusu ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Tanzania ilijiunga mwaka 2000 ikaanza na Malagarasi-Muyovozi, ikafuata na Ziwa Natron, kisha Kilombero, na mwaka 2004 Rufiji-Mafia-Kilwa. Kwa Kilombero ziliorodheshwa hekta zinazokaribia 797,000. Mkataba huo haukatazi kilimo wala uvuvi. Unaitaka nchi itumie ardhioevu yake kwa busara, bila kuiharibia tabia yake ya asili. Kwa bonde lenye watu, sioni lengo bora zaidi ya hilo.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Sheria zetu za ardhi za mwaka 1999 zinagawa nchi katika ardhi ya kijiji, ardhi ya hifadhi na ardhi ya jumla. Hakuna fungu linaloitwa ardhi ya Ramsar. Kwa hiyo hadhi ile ya kimataifa ilikaa juu ya vijiji, mashamba, pori tengefu na malisho bila kuwa na mwenyewe. Afisa wanyamapori alikuwa na sheria yake. Afisa kilimo alikuwa na malengo yake ya tani. Vibali vya maji vilitolewa na bodi ya bonde la Rufiji, na halmashauri ilikuwa inatazama ushuru wa mazao. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeulizwa ikiwa ardhioevu imekufa.

Na wakati hadhi hiyo ikiwa bado changa, bonde lilipewa kazi nyingine. Mwaka 2009 likaja azimio la Kilimo Kwanza, mwaka uliofuata ukazinduliwa mpango wa SAGCOT wa kukuza kilimo katika ukanda wa kusini, na Kilombero likawa miongoni mwa maeneo yaliyotajwa mwanzo kabisa. Miwa ilikuwapo Kidatu tangu miaka ya 1960, misaji ilishapandwa, na mashamba makubwa ya mpunga yakapanuliwa kule Mngeta. Sina ugomvi na mpunga; ninaula. Ninacholalamikia ni kwamba ardhi ileile iliahidiwa pande mbili, ahadi moja ikitolewa nje ya nchi na nyingine ndani, na hakuna aliyekaa chini kuzipatanisha.

Wakati huohuo mifugo ilikuwa inaingia kwa wingi. Hapa inafaa tuwe wakweli kuhusu ilikotoka. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, kwenye kinamasi cha Ihefu, kwa sababu nzuri ya kuuokoa Mto Ruaha Mkuu. Wengi wao walielekea Lindi, Rufiji na Kilombero. Tulihamisha shida kutoka ardhioevu moja kwenda nyingine, kisha tukashangaa kuikuta huko. Msukuma au Mbarabaigi aliyefika Malinyi na ng'ombe wake alikuwa anatafuta nyasi mahali ambapo hakuna mtu aliyemwambia mapema kuwa hazitafutwi.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ikakaza kamba. Kabla yake mtu angeweza kuishi, kulima na kuchunga ndani ya pori tengefu kama lile la Kilombero. Baada yake kulima na kuchunga kukahitaji ruhusa ambayo wengi hawakuwa nayo. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka waziri ahakikishe ardhi ya kijiji haiingizwi kwenye pori tengefu. Kilombero vilikuwapo vijiji vyenye shule, zahanati na masanduku ya kura ndani ya mpaka wa zamani. Kabla ya kuhamisha mtu yeyote, ilipasa kwanza kutenganisha kijiji na pori, kwa ramani, kwa vikao, kwa mihutasari iliyosainiwa. Mwishoni mwa 2012 operesheni ya kuwaondoa wafugaji ilifanyika, na kazi ya mipaka ikaendelea kusuasua kwa miaka baada yake. Vigingi vilikuwa vinawekwa mahali ambapo mtu ameshapanda mpunga, na kigingi cha namna hiyo hakidumu usiku mmoja.

Kuna kisa kimoja ndani ya bonde hili ambacho kila anayepanga kutangaza hifadhi angepaswa kukisoma kabla ya kushika kalamu. Ni cha Msitu wa Magombera.

Magombera ni msitu wa tambarare, kati ya Udzungwa na lililokuwa Pori la Akiba Selous, jirani na mashamba ya miwa. Ndani yake wanaishi mbega wekundu wa Udzungwa, kima adimu wanaopatikana eneo hili peke yake. Ulikuwa msitu wa hifadhi. Wataalamu wakashauri uunganishwe na Selous ili ulindwe zaidi, na ushauri ulikuwa mzuri. Miaka ya mwanzo ya 1980 hadhi yake ya zamani ikafutwa ili kupisha hadhi mpya. Hadhi mpya haikutangazwa. Msitu ukabaki bila jina lolote la kisheria, na sehemu yake kubwa ikaja kuangukia kwenye hati ya kampuni ya sukari. Kwa karibu miaka 40 watu waliingia kukata nguzo, kuchoma mkaa na kutega, na wenye mamlaka ya kuwazuia hawakujulikana ni nani.

Humohumo msituni, katika miaka hiyo ya kutojulikana, mtafiti alimshtua nyoka wa mtini aliyekuwa anameza windo lake. Nyoka akalitema na kukimbia. Lilikuwa kinyonga, na alipochunguzwa ikabainika ni spishi ambayo haikuwa imeandikwa popote. Mwaka 2009 akatangazwa rasmi na kupewa jina la msitu huo. Kama nyoka yule angemaliza mlo wake, pengine tungekaa miaka mingine mingi bila kumjua.

Mwaka 2018 ardhi ya Magombera ilinunuliwa kutoka kwa kampuni kwa michango ya wahifadhi wa ndani na nje, na mwaka 2019 serikali ikautangaza msitu huo, hekta zipatazo 2,600, kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Vijiji jirani vilishirikishwa, vikaanza kupanda miti yao ya kuni na mkaa ili kupunguza shinikizo msituni. Safari hii hadhi ilikuja na mwenyewe, na mlinzi na majirani walijua mpaka unapita wapi. Ninapoulizwa kama tangazo la serikali linaweza kuokoa makazi ya asili, huwa nataja Magombera, kwa sababu unaonyesha pia gharama ya tangazo lililoachwa nusu.

Mwaka 2023 Pori Tengefu Kilombero lilipandishwa kuwa Pori la Akiba, chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Hadhi hiyo ina meno. Huwezi kuingia bila kibali, huwezi kulima, huwezi kulisha mifugo. Wapo waliopinga, na malalamiko yao kuhusu namna watu walivyotendewa yanastahili kusikilizwa na kujibiwa moja baada ya jingine, na fidia itolewe kwa anayestahili. Lakini kwa kuangalia hali ilikokuwa imefika, mashamba yakiwa yameshagusa ukingo wa mto na makundi ya ng'ombe yakikanyaga mabwawa ya mwisho ya kiangazi, sioni njia nyepesi iliyokuwa imebaki. Kiini cha bonde kilihitaji kufungwa. Naliandika hilo nikijua kuna wasomaji litakaowaudhi.

Sasa nije kwenye hofu yangu kubwa. Pori la Akiba linaweza kumzuia mkulima asivuke kigingi. Haliwezi kuuzuia mto usikauke.

Maji ya Kilombero yanatoka juu: Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Mngeta, Lumemo na vijito vingi ambavyo majina yake anayajua mwenye kijiji tu. Sehemu kubwa ya njia ya mito hiyo iko nje ya mpaka wa pori. Kila mfereji wa umwagiliaji unaofunguliwa Septemba, kila bonde la juu linalolimwa hadi kwenye chemchemi, kila msitu wa mlimani unaogeuka shamba la miti ya mbao, unapunguza kinachofika bondeni wakati bonde linakihitaji zaidi. Tukichukua maji ya kiangazi huko juu, tutakuwa na pori la akiba lenye mpaka safi, askari hodari na nyasi kavu.

Haya si mambo ya kubuni, kwa kuwa tumeshayaona karibu kabisa. Mto Kihansi unaanguka kutoka Udzungwa kuelekea Kilombero. Kwenye manyunyu ya maporomoko yake, katika eneo la hekta chache, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Alitambuliwa mwaka 1996, bwawa la umeme likiwa tayari linajengwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakatika. Vyura wapatao 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani ili ukoo wake usikatike, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa porini hayupo tena. Tangu 2012 wameanza kurudishwa, kwenye manyunyu yanayotengenezwa kwa mabomba. Hakuna aliyeingia na shoka kwenye makazi ya chura yule, wala hakuna aliyevunja mpaka wake. Balaa lilianza maji yalipobadilishwa njia.

Na Ruaha Mkuu, mto uliozoea kutiririka mwaka mzima, ulikatika kwa mara ya kwanza kiangazi cha 1993 ndani ya hifadhi ya taifa. Viboko walibanana kwenye madimbwi ya tope. Sababu kubwa ilikuwa juu, Usangu, nje ya mpaka wa hifadhi wa wakati ule. Walinzi wa hifadhi hawakuwa na la kufanya.

Wapo watakaosema nchi haiwezi kula ndege wa manjano wala sheshe. Nawajibu kwa hesabu yao wenyewe. Asilimia zipatazo 62 za maji ya Mto Rufiji zinatoka Kilombero. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, liko chini ya bonde hili. Ardhioevu hupokea mafuriko ya masika, huyashikilia na kuyaachia taratibu, na tope hubaki nyuma badala ya kwenda kujaa bwawani. Tumetumia fedha nyingi mno kule chini kujenga ghala la maji. Huku juu tuna jingine ambalo hatukulijenga na hatulipii matengenezo. Anayeitetea mitambo ya Rufiji akaipuuza Kilombero hajafikiria unakotoka umeme wake. Hata mkulima wa mpunga wa masika, asiye na mfereji wala pampu, anaishi kwa mafuriko hayohayo. Wanaomnyang'anya maji si sheshe.

Mapito ya wanyama nayo ni ya kuzingatiwa. Zamani tembo walivuka kati ya Udzungwa na Selous kwa njia nyingi. Reli ya TAZARA, barabara, miwa na makazi zimezibana hadi zikabaki chache mno. Karibu na Mang'ula, ujenzi wa barabara ya lami uliambatana na njia ya chini ili tembo wapite bila kukutana na malori, na vijiji vikatenga ardhi yao kwa ajili hiyo. Watu waliotoa ekari zao kwa tembo wamefanya jambo kubwa kuliko hotuba nyingi za uhifadhi nilizosikia, na wanastahili kuliona likilipa, kuanzia na fidia ya haraka pale tembo anapokula shamba la jirani.

Siwezi kumaliza bila kuwataja Wandamba. Kwa vizazi na vizazi wamevua bondeni kwa mtumbwi, nyavu na migono, wakihamia kambini maji yanapopungua na kurudi kijijini yanapopanda. Kitoga, ngogo, kambale: wanajua kila mmoja anapita wapi na lini. Mvuvi mwenye ujuzi huo akitendewa kama mhalifu kila anapoonekana mtoni, tunapoteza macho bora zaidi tuliyokuwa nayo ndani ya pori. Zipo njia za kisheria za kumpa nafasi. Kuna vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa rasilimali, kuna Jumuiya ya Hifadhi ya ILUMA ambayo vijiji vyenyewe vimeiunda, kuna vibali vya msimu. Mvuvi apewe kibali chenye jina lake, eneo lake na aina ya nyavu, na kikundi chake kiwe na haki ya kumkamata anayetumia kokoro au sumu. Kambi zihesabiwe pamoja, askari na wavuvi wakikaa meza moja.

Kwa upande wa maji, sheria haina upungufu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka matumizi ya nyumbani mbele, yakifuatiwa na maji ya mazingira, ndipo yaje matumizi ya uchumi. Inamruhusu pia waziri kutangaza maeneo tengefu ya vyanzo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hakuna mwenyekiti wa kijiji asiyezijua mita 60. Kinachokosekana ni tamko moja kwa kila kijito kinachoingia Kilombero: kiasi gani cha maji lazima kipite Oktoba, hata ukame uwe mkali namna gani, na nani anapima.

Hilo likifanyika, hadhi ya Pori la Akiba itakuwa na kitu cha kulinda. Bodi ya bonde la Rufiji ichapishe orodha ya vibali vyote vya maji kwenye Mngeta, Mpanga, Mnyera, Ruhudji na mito mingineyo, ibandikwe kwenye ofisi za kata, ili mkulima wa chini aone aliye juu yake anaruhusiwa kuchukua lita ngapi. Vipimo vya kina cha maji visomwe na vijana wa vijiji wanaolipwa kwa kazi hiyo, na namba zao zisomwe kwenye mkutano wa kijiji kama zinavyosomwa taarifa za mapato na matumizi. Na kibali chochote kipya cha umwagiliaji wa kiangazi katika mito inayolisha bonde kisimamishwe hadi orodha hiyo iwe imebandikwa. Wizara ya Maji na Wizara ya Maliasili zinaweza kuyaanza haya kabla ya kiangazi kijacho, kwa sheria zilizopo.